Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Je, Kuchagua Mji Mtulivu ni Wema?

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii tulifundishwa tukiwa bado wadogo, na mwalimu wetu aliifafanua kwa mfano wa kuku: mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenyeji ambaye kwa mwezi mzima hakuonja nyama naye hupata mchuzi. Niliikariri, nikaiandika katika mitihani, nikapewa alama zangu. Sikuwahi kuitilia shaka mpaka Julai 2024, siku nilipoketi kwenye ngazi za nyumba ya mtu nisiyemjua, nikamzuia asitoke mlangoni kwake.

Nianze kwa kueleza ilivyokuwa. Shangazi yangu anaishi Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji, tangu alipoikimbia vita ya nchini kwetu Burundi katika miaka ya 1990. Mwaka huo alinialika niwatembelee wakati wa likizo. Yeye anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na mumewe ni dereva wa basi. Zamu zao hazilingani. Kwa mwezi mzima wanapata mwisho wa juma mmoja tu ambao wote wawili hawana kazi, na watoto wao, mvulana wa miaka 9 na msichana wa miaka 6, wanauhesabu kwa vidole. Kwa hiyo swali la "twende wapi?" katika nyumba ile si swali la mchezo. Ukikosea kuchagua, utasubiri mwezi mwingine.

Mara ya kwanza shangazi alichagua Bruges. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa treni, na watoto walio chini ya miaka 12 hawalipi nauli wakifuatana na mtu mzima. Bruges ni mji mzuri, nisiseme uongo. Kitovu chake cha kale kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mnara wake wa kengele una ngazi 366. Hatukuzipanda, maana foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Barabara zilijaa watu kama soko la asubuhi kule kwetu, tofauti ikiwa kwamba sokoni kila mtu ana shughuli yake, na hapa sote tulikuwa na shughuli moja: kutazama na kupiga picha. Watoto walipochoka tuliingia katika njia nyembamba kando ya mfereji, tukaketi kwenye ngazi za nyumba moja, shangazi akatoa mikate na mayai ya kuchemsha.

Mlango ukafunguliwa nyuma yetu. Alikuwa bibi mzee mwenye mkoba wa kwenda sokoni. Hakupaza sauti. Alisimama tu, akangoja tukusanye maganda ya mayai, chupa za maji na viatu vya mtoto. Shangazi aliomba radhi kwa Kifaransa. Bibi alijibu maneno mawili kwa Kiholanzi, akapita. Nilimwuliza binamu yangu, ambaye anasoma Kiholanzi shuleni, bibi amesema nini. Akaniambia, "Amesema: kila siku."

Maneno hayo mawili ndiyo chanzo cha insha hii. Nilijiuliza: mwenyeji huyu amepona nini kwa kuja kwetu? Mikate tulitoka nayo Brussels. Jioni ile ile tungerudi Brussels. Kitu pekee tulichomwachia ni maganda, na hata hayo ni kwa sababu alitoka mapema kabla hatujamaliza kuyaokota.

Hali hii si ya Bruges peke yake. Mji wa kale wa Venice, nchini Italia, ulikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Sababu ni nyingi, lakini moja inajulikana: nyumba ikigeuzwa ya wageni huingiza fedha zaidi kuliko ikipangishwa familia, na duka la mboga likifungwa hufunguliwa la vinyago. Mwaka 2024, kuanzia Aprili, mtu aliyeingia Venice kwa siku moja tu bila kulala alitozwa yuro 5 katika siku za msongamano. Msomaji azingatie jambo hili: anayetozwa ni yule asiyelala. Katika mwezi huo huo wa Julai tuliokwenda Bruges, waandamanaji wa Barcelona waliwamwagia watalii maji kwa bunduki za watoto za kuchezea. Wenyeji wanapofikia kumrushia mgeni maji, methali yetu imepata ugonjwa.

Mume wa shangazi ni mtu wa maneno machache. Tukiwa ndani ya treni ya kurudi alisema, "Mwezi ujao tutakwenda mahali ambapo hakuna anayekwenda." Ndipo tukaenda Mechelen.

Mechelen upo kati ya Brussels na Antwerp, na kutoka Brussels treni haifikishi hata nusu saa. Watu wengi hupita hapo bila kushuka. Hilo lina kichekesho chake, maana moja ya reli za kwanza za abiria katika bara la Ulaya, ukiacha Uingereza, ilifunguliwa tarehe 5 Mei 1835 kati ya Brussels na mji huu huu. Mnara wa kanisa lake kuu, la Mtakatifu Rumbold, una kimo cha mita 97. Ulikusudiwa kuwa mrefu zaidi, lakini haukumalizika. Wenyeji wana jina la utani, "wazima-mwezi." Inasimuliwa kwamba usiku mmoja wa Januari 1687 mlevi aliona mwanga mwekundu kileleni mwa mnara, akapiga kelele za moto, na watu wakakimbia na ndoo za maji kupanda ngazi. Kumbe ulikuwa mwezi uking'aa ndani ya ukungu. Watoto walizipanda ngazi 538 wakicheka hadithi hiyo, na juu hapakuwa na foleni. Siku ya Jumamosi palikuwa na soko katika uwanja mkuu, soko la viazi, samaki na soksi, ambalo halikuwekwa kwa ajili yetu. Tulilala usiku mmoja. Jioni tulinunua mkate, na asubuhi tuliporudi katika duka lile lile, mwuzaji alimtazama binamu yangu mdogo akamwuliza, "Wa zabibu tena?"

Ningeweza kumalizia hapa kwa kusema: basi, tuiache miji mikubwa, twende kwenye midogo, na methali itapona. Lakini insha ya namna hiyo ingekuwa tangazo la biashara. Swali langu ni la maadili: je, aliyechagua Mechelen badala ya Bruges amefanya jambo jema, au amefanya tu jambo linalompendeza? Nimeona hoja nne zinazompinga, na nitazijibu moja baada ya nyingine kadiri ya uwezo wangu.

Hoja ya kwanza ni kwamba hatukwenda Mechelen kwa huruma. Tulikwenda kwa sababu ya foleni, joto na bei. Atakayetusifu kwa wema atakuwa amesifu uchovu wetu. Hoja hii ni ya kweli, na sitajaribu kuikana. Hata hivyo, nadhani tendo linaweza kuanza kwa sababu ndogo na kumfundisha mtu sababu kubwa. Mtoto anayefundishwa kusalimu wazee huanza kwa kuogopa fimbo. Akikua husalimu kwa sababu amemwona mzee. Kilichobaki ni kuuliza kama mji mtulivu ulitufundisha chochote. Nitalirudia jambo hili.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, alifundisha kwamba kabla hujatenda jambo, ujiulize kama kanuni unayoifuata ingeweza kuwa sheria ya watu wote. Basi tuseme wote wanaokwenda Bruges wahamie Mechelen. Je, yule bibi hatafungua mlango wake Mechelen na kusema "kila siku"? Mfano upo. Hallstatt ni kijiji cha Austria kando ya ziwa, chenye wakazi mia saba na kitu. Kwa karne nyingi kilijulikana kwa machimbo yake ya chumvi. Siku hizi, katika msimu wa watalii, hupokea hadi watu 10,000 kwa siku, na mwaka 2023 kiliwahi kujenga ukuta wa mbao ili kuziba mandhari ambayo watu walikuwa wakija kuipiga picha. Nacho kilikuwa mahali patulivu. Kila mji uliosongwa leo ulikuwa na mgeni wake wa kwanza aliyejisifu kwa kuugundua.

Najibu hivi. Inategemea kanuni yenyewe ni ipi. Kama kanuni ni "nenda Mechelen," watu wote wakiifuata Mechelen utakufa. Lakini kama kanuni ni "usiende mahali ambapo kuja kwako kunamfungia mwenyeji mlango," watu wote wakiifuata watatawanyika, kila mmoja upande wake, kama maji yanavyotafuta bonde. Ubelgiji peke yake una Namur, Leuven, Tournai, Lier na mingine mingi. Kinachoiponda miji si wingi wa wasafiri peke yake. Ni kwamba wote hufuata orodha moja. Mwenye kufuata orodha hajachagua, amechaguliwa.

Hoja ya tatu ilizuka ndani ya nyumba ya shangazi. Tuliporudi, alitaka kutuma picha kwa wenzake wa kazini na kwa kikundi cha wanawake wa Kirundi anachokutana nacho. Mumewe akamwambia, "Ukisema, mwakani tutapanga foleni." Shangazi akakasirika. "Kwa hiyo kizuri ni chetu peke yetu? Mama wa watu anafanya kazi siku sita, ana watoto watatu, hajui pa kuwapeleka, nami ninyamaze?" Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana walibishana mpaka chakula kikapoa. Kuficha ni uchoyo. Kutangaza ni kumwaga umati juu ya mlango wa mtu. Nimelifikiria kwa muda mrefu, na ninaona jibu limo katika namna tunavyosema. Nyumbani kwetu, mtu hatangazi redioni kwamba kwa babu kuna ndizi zimeiva, lakini rafiki akisafiri kupita huko, anaambiwa, "Ukifika, nenda kwa babu, useme umetumwa na mimi." Kumwelekeza mtu unayemjua ni kumdhamini, na akifanya utovu wa adabu aibu inakurudia. Picha inayotumwa kwa maelfu haimdhamini mtu yeyote. Hatimaye shangazi alimwambia mama huyo mmoja, kwa mdomo, na akamwambia pia kuhusu mkate wa zabibu.

Hoja ya nne inaniumiza, na sina hakika kwamba nimeimaliza. Siku ile ya soko, mzee mmoja alitutazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza mume wa shangazi kwa Kifaransa, "Mmetoka wapi?" Akajibiwa, "Brussels." Mzee akasema, "Hapana, mmetoka wapi hasa?" Niliona tabasamu la shangazi likitoweka. Usiku aliniambia, "Mwanangu, ndiyo maana mimi napenda Bruges. Kule kila mtu ni mgeni. Hakuna anayeniuliza." Miaka karibu thelathini nchini humo, kodi analipa, wazee wao anawaosha na kuwalisha, na bado katika mji mtulivu anaonekana kabla hajasema neno. Basi utulivu una gharama, na gharama hiyo hailipwi na wote sawasawa. Familia nyingine ikiingia katika mji mdogo hupata amani. Familia yetu hupata macho.

Sitamwambia shangazi kwamba amekosea. Umati ni mahali pa kujificha, na mtu aliyewahi kuwa mkimbizi anajua thamani ya kujificha. Ila nimegundua kwamba kitu kilichomwumiza shangazi Mechelen na kitu kilichomfurahisha binamu yangu katika duka la mikate vina mzizi mmoja. Vyote vilitokea kwa sababu tulikuwa na sura. Mzee alituona akakosea. Mwuzaji alituona akakumbuka. Kule Bruges hakuna aliyekosea wala kukumbuka, kwa maana hatukuonekana. Tulikuwa sehemu ya "kila siku" ya yule bibi. Na sisi pia hatukumwona mpaka alipofungua mlango.

Hapo ndipo nairudia hoja ya kwanza, ya mji mtulivu kutufundisha. Jumapili, mume wa shangazi aliwapeleka watoto kwenye makumbusho ya vitu vya kuchezea, nami nikafuatana na shangazi mahali panapoitwa Kazerne Dossin. Ilikuwa kambi ya jeshi. Kati ya 1942 na 1944 Wanazi waliitumia kuwakusanyia Wayahudi na Waroma wa Ubelgiji, na kutoka hapo zaidi ya watu 25,000 walipakiwa katika treni, walio wengi kuelekea Auschwitz. Wengi sana hawakurudi. Katika mji ule ule niliousifu hapo juu kwa reli yake ndiko treni hizo zilikoanzia. Katika makumbusho yaliyojengwa mkabala wa kambi kuna ukuta wa picha za nyuso zao, ghorofa baada ya ghorofa, na mahali ambapo picha haikupatikana pameachwa kivuli tu. Shangazi alisimama mbele ya vivuli hivyo kuliko mbele ya picha. Hakuniambia alikuwa akimfikiria nani, nami sikumwuliza. Katika ukoo wetu nao wapo wasio na picha.

Tulipotoka nje aliniambia, "Kumbe hata hawa wamefiwa." Ni sentensi fupi, lakini sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya Wabelgiji. Tangu hapo naamini kwamba mtu hajautembelea mji kama hajajua angalau msiba wake mmoja. Simaanishi kwamba Bruges haina misiba. Namaanisha kwamba mwenye kukimbizana na orodha ya vivutio hana nafasi ya kukaa na mfiwa.

Kant, katika kijitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, aliandika juu ya haki ya mgeni. Kwa maoni yake, kila binadamu ana haki ya kufika katika nchi ya wengine bila kutendewa kama adui, kwa kuwa dunia ni ya wote. Lakini hiyo ni haki ya kutembelea tu, si haki ya kukaribishwa kama mtu wa nyumbani. Yeye mwenyewe hakusafiri mbali na Königsberg, mji wake wa kuzaliwa, na mimi niliyepanga karatasi nyingi ili nipewe viza naweza kumwambia kwamba hata haki ya kutembelea haijawafikia wote. Hata hivyo tofauti anayoiweka inanisaidia. Kukaribishwa hakudaiwi. Hutolewa na mwenyeji, na mwenyeji hawezi kumpa asiyemwona.

Wahenga wetu walilijua hilo. Walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengine huifasiri methali hii kama njia ya kumfukuza mgeni. Mimi naiona kama heshima: aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mmoja wa nyumba. Mtalii wa saa sita hafikii jembe, hafikii hata kuku. Methali zote mbili zilitungwa kwa ajili ya mgeni anayebisha hodi, anayejulikana jina, na ambaye akiondoka husindikizwa. Hazikutungwa kwa ajili ya watu 10,000 mbele ya nyumba mia chache.

Basi hili ndilo jibu langu. Kuchagua mji mtulivu si wema kwa kuwa tu mji huo ni mtulivu. Ni wema pale ambapo utulivu wake unamrudishia mgeni sura yake na wajibu wake: alale, anunue mkate kwa mtu anayemtazama machoni, asikie kilichowapata wenyeji, na akubali kuulizwa, hata swali likiulizwa vibaya. Asiyetaka hayo anaweza kwenda katika mji mdogo kuliko yote na bado akaketi kwenye ngazi za mtu. Kwa hiyo kipimo ninachopendekeza kwa msafiri yeyote, awe Ulaya au kwetu kandokando ya Tanganyika, ni hiki: je, naweza kurudi hapa mwakani na kubisha hodi katika mlango ule ule?

Mwezi uliopita shangazi alinipigia simu. Aliniambia kwamba alitaka kuwapeleka watoto katika mji mwingine mpya, wakakataa. Wanataka Mechelen tena, na yeye amekubali, ingawa alisema kwa sauti kwamba akikutana na yule mzee safari hii atamwuliza yeye ametoka wapi hasa. Nilicheka. Kisha nikaukumbuka mlango wa Bruges, ambao katika hiyo miji miwili ndio pekee nisioweza kuubisha.